Nimezifungua Honi Zako, Baba

Tetu, Nyeri
Jumatatu asubuhi

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi binti yako, na kutoka kwa watu wote wa boma hili. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba baridi ya Kianyaga haijakushika kifua. Huku sisi tuko salama. Mama ana afya njema, ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike, na mvua imenyesha vizuri hata majani chai hayatupi nafasi ya kupumzika. Mwambie dada yako, tata Wakiuru, kwamba ndizi alizotutumia zilifika na hazikulala.

Nimeandika kwa kalamu kwa sababu simu hazitufai sisi wawili. Kila nikikupigia unasema mtandao wa Kianyaga ni mbaya, kisha unakata kabla sijamaliza neno. Barua huwezi kuikatiza. Nimempa Gatimu, ambaye pikapu yake inapita huko kuchukua ndizi, na nimemwambia asiondoke kabla hajakuona ukiifungua.

Sasa nianze na lile litakalokukasirisha, ili ukasirike mapema tuendelee na mengine. Ulipoondoka hapa na mfuko wako wa nguo, ulisimama langoni ukasema, Mama akisikia na majirani wakisikia, kwamba mtu yeyote atakayegusa krosova za ndani ya zile spika za honi za kanisa, awe mzee wa kanisa, awe fundi kutoka Nairobi, awe mtoto wako wa kuzaa, huyo si mtu wako tena. Uliposema mtoto wa kuzaa ulinitazama mimi. Basi nimezigusa. Nimezifungua honi zote mbili, nimetoa krosova zako, nimejenga nyingine kwa mikono yangu, na jana zimetumika ibada nzima kuanzia wimbo wa kwanza hadi matangazo. Siombi msamaha. Ninachoomba ni usome hadi mwisho, ndipo uamue kama mimi bado ni mtoto wako.

Usidhani sijui zile honi ni nini kwako. Ile sinema ya mjini ilipofungwa, watu walikuja na mashoka wakitaka mbao za masanduku. Wewe ndiye uliyezuia. Ulizileta Tetu kwa trekta ya kukodisha, masanduku mawili makubwa kama kabati la nguo, kila moja na koni ya besi chini na honi ya chuma juu, pana kama karai. Hazikuwa na krosova, maana wezi walikuwa wameshapita na shaba yote. Ukajenga zako mwenyewe mezani pale jikoni, Mama akipika akikuzunguka. Tangu hapo kila harusi, kila mazishi na kila mahubiri ya kijiji hiki yamepita ndani ya kazi yako. Mimi mwenyewe nilibatizwa zikiunguruma, na Mama anasema nililia kwa sababu yake wala si kwa sababu ya maji.

Nilipokuwa darasa la sita uliniketisha mbele ya sanduku lililofunguliwa ukanieleza. Ulisema krosova ni kama yule mtu anayesimama kwenye mfereji wa shamba na jembe lake: maji haya yaende huku, haya yaende kule. Koili inaachia sauti nzito iende kwenye koni. Kapasita inaachia sauti nyembamba iende kwenye honi. Na rezista ni breki ya honi, kwa sababu honi ina domo, ukiipa nguvu sawa na koni itapiga kelele hadi wengine wote wasisikike. Hayo ni maneno yako. Nayatumia hadi leo katika kibanda changu cha kutengeneza redio pale mjini Nyeri, na wateja hucheka lakini huelewa.

Ndiyo maana iliniuma sana kuona kazi yako ikichukiwa. Nawe unajua ilichukiwa, hata kama hukutaka kusikia. Kwa miaka ya hivi karibuni honi zilikuwa zinaumiza watu. Mhubiri akitamka neno lenye "s" lilichoma masikio kama mvuke wa sufuria. Akina mama wa chama walihama viti vya mbele, ambavyo walivipigania tangu kanisa lijengwe, wakaenda kukaa nyuma na vijana. Watoto walikuwa wanaziba masikio wakati wa sala, na watu wakadhani ni utundu. Kila ulipoambiwa, ulifungua sanduku ukasema umerekebisha, na Jumapili iliyofuata zilichoma zaidi.

Siku ile ya mkutano nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Griffins, mwenyekiti wa kamati ya vyombo, alisema kwa heshima zote: "Wazee, hizi spika zimetusaidia sana, lakini zimeisha. Ni za kitambo. Wacha tununue zile za plastiki, ziko na taa ya buluu, na hata simu inashika bila waya." Ukasimama ukamwambia ubaya uko kwa masikio ya vijana, yameharibiwa na zile waya wanazojichomeka kutwa nzima, na honi hazina shida yoyote. Watu walicheka, nawe ukaona wanakucheka. Wakapiga kura ziondolewe, na wewe hukungoja hata chai ya baada ya mkutano. Kesho yake ukaenda kwa tata.

Hayo unayajua. Usiyoyajua ni kwamba nilimfuata Griffins hadi kwenye duka lake la dawa za ng'ombe nikamwambia kura yao ilipigwa na watu wasiojua shida iko wapi. Nilipandisha sauti kidogo, nakiri, mpaka mteja mmoja akarudi nje. Griffins si mtu mbaya, Baba, hata kama umempa jina lile ambalo sitaliandika hapa. Alinisikiliza, akasema, "Sawa Nyawira, nakupea chansi moja. Lakini zikipiga kelele tena, zinatoka, na usiniletee maneno." Nikamwambia sitaleta maneno, nitaleta spika.

Mama aliponiona nikibeba vyombo vya kazi alinishika mkono. Aliniomba nikungoje urudi, nisikuvunjie heshima mbele ya kanisa. Nilimuuliza kama anajua siku utakayorudi. Akauachia mkono wangu, nikaenda.

Nikafungua sanduku la kulia kwanza. Panya alikuwa amejenga kiota chini ya koni kwa karatasi za nyimbo, na amechagua zile za Krismasi. Kapasita zako zilikuwa zimekauka, moja imevimba kama mandazi, na vyuma vya ndani ya koili vimeliwa na kutu. Hilo si kosa la mtu. Vitu hivyo huzeeka hata kama hakuna anayevigusa, na wewe ulitumia ulichopata wakati ambao hapakuwa na kitu cha kupata. Kisha nikatazama zile rezista, na nikakaa chini sakafuni pale pale kati ya viti. Nilichokiona nitakiandika mbele kidogo. Wacha kwanza umalize kunikasirikia kuhusu kazi.

Shaba niliifuata Nanyuki kwa Isse, yule muuzaji wa mashine kuukuu ambaye mlikuwa mkibishana naye bei hadi adhana ikawaachanisha. Amezeeka lakini duka ni lile lile, huwezi kugeuka bila kuangusha kitu. Nilipomwambia mimi ni nani alifunga daftari lake akaniletea kiti. Aliniuliza kama ni kweli bado unaweza kusikia skrubu moja iliyolegea ndani ya honi ukiwa umesimama nje ya kanisa. Aliwaambia wanawe wawili, "Baba ya huyu, hiyo masikio yake, walahi, hakuna mashine inashinda." Nilishukuru kwa niaba yako. Akanichagulia waya mnene wa shaba usio na doa, na kapasita nzuri alizotoa kwenye mitambo ya studio iliyovunjwa, zile za plastiki kavu ambazo hazina maji ya kukauka.

Koili nilizisokota juu ya kipande cha bomba la maji, bila chuma ndani, ili kusiwe na kutu tena. Mama, aliyekuwa amekataa kabisa kuhusika, alikuja kunishikia waya. Akawa anahesabu mizunguko kwa sauti, na kila jirani akipita kumsalimia alisahau hesabu, tukaanza upya. Siku nzima ilienda kwa koili mbili. Mwishowe alifunga lango kwa kufuli akawaambia watu hatupo nyumbani, huku akisema hayo kwa sauti kutoka ndani ya ua.

Na sasa lile jingine utakalolichukia. Nilitumia mashine. Nilisimamisha maiki ndogo ya kupimia katikati ya kanisa, nikaiunganisha na kompyuta, nikaona kwenye mchoro kila sauti inapanda wapi na inashuka wapi. Najua unaita hiyo kusikiliza kwa macho. Lakini sikuishia hapo. Nilimpandisha Mama mimbarini asome Zaburi, kama ulivyokuwa ukimpandisha wewe, na mimi nikazunguka kutoka kiti hadi kiti, nikirudi kubadilisha breki ya honi kidogo kidogo. Alisoma hadi akaanza kuwaombea watu asiowapenda. Niliposimama pale mbele, kwenye viti vya akina mama, nikasikia "s" yake ikitoka laini, ya binadamu, nikajua nimefika.

Jana ndiyo ilikuwa chansi yangu. Sitakudanganya kwamba kanisa lilisimama kupiga makofi. Watu wengi hawakuona chochote, waliimba tu. Mzee mmoja aliuliza kwa nini sauti imepunguzwa, na haikuwa imepunguzwa. Lakini wimbo wa pili ulipoanza, mwenyekiti wa akina mama aliinuka kule nyuma, akabeba mkoba wake na Biblia yake, akatembea hadi kiti chake cha zamani mbele kabisa, akaketi. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyeziba masikio. Griffins alikuja baadaye akaniambia bado anazipenda zile za taa ya buluu, na kwamba hatabadilisha nia hiyo, lakini hawezi kuondoa kitu kinachofanya kazi. Honi zako zinabaki.

Baba, ingekuwa hilo tu, ningekuandikia nusu ukurasa nikuambie njoo nyumbani tumeshinda. Sasa fika kwenye zile rezista.

Kwenye ubao wako, mahali pa breki ya honi, palikuwa na rezista ya kwanza, ile kubwa nyeupe ya udongo, na lehemu yake imefifia ikawa ya kijivu. Uliiweka ulipozileta kutoka mjini. Mguu wake mmoja umekatwa. Kando yake uliweka nyingine ndogo kuliko hiyo, na lehemu yake si ya zamani sana. Nayo umeikata. Kando ya hiyo ipo nyingine ndogo zaidi, imekatwa pia. Na mwishoni kabisa, kwa lehemu inayong'aa kama ya juzi, uliweka kipande cha waya mtupu. Sanduku la kushoto ni hivyo hivyo. Miaka yote hii ulikuwa unailegeza breki, kidogo kidogo, hadi ukaiondoa yote, na honi zikawa zinapiga kelele kwa nguvu zake zote, na wewe unasimama mbele yake unasema ziko sawa.

Nilijiuliza mtu aliyenifundisha kwamba honi ina domo anawezaje kuiachia hivyo. Nikatafuta kila sababu nyingine. Kisha nikapima na mashine yangu, nikapata breki inayotakiwa, nikalinganisha na ile rezista yako ya kwanza nyeupe. Zinakaribia kulingana, tofauti ni ndogo hata haifai kuzungumzwa. Nilichokipata mimi kwa maiki na kompyuta, wewe ulikipata kwa masikio matupu ulipokuwa kijana. Niliicheka kompyuta yangu, kisha nikalia, na Mama akaniona nikilia.

Honi hazikuharibika, Baba. Masikio ya vijana hayakuharibika. Ni masikio yako. Sauti nyembamba zinakupotea, na kila zilipopungua ulidhani honi imefifia, ukaiongezea. Uliwachoma watu ukijaribu kujirudishia ulichopoteza. Ndiyo maana unamwambia Mama siku hizi anameza maneno. Hamezi. Anakupigia kelele kutwa hadi majirani wanadhani mnagombana. Na mtandao wa Kianyaga hauna shida, tata hunipigia kutoka kiti kile kile unachokalia na namsikia vizuri hata akitafuna.

Nilipomwambia Mama, alisema anajua, amejua muda mrefu. Aliniomba nikunyamazie. Alisema mtu kama wewe ukimwambia hasikii ni kama kumwambia amekufa, na afadhali uamini kwamba spika zilizeeka. Nimemkatalia. Nampenda na nimemkatalia. Uliacha kanisa lako, nyumba yako na kiti chako kwa sababu ya uongo ambao kila mtu alikuwa anakutunzia kwa upole, na upole huo umekupeleka Kianyaga.

Utauliza ni nani amenipa mdomo wa kukuambia hivi. Umenipa wewe. Mimi ni binti wa kwanza, ukanipa jina la mama yako kama inavyotakiwa, na tangu nizaliwe huniita Maitu, mama yangu. Mbele za watu uliniamkia kama unavyomwamkia yeye, na sote tulicheka. Leo sicheki. Leo nakuambia kama angekuambia yeye, kwamba umekaidi vya kutosha, vaa koti lako urudi nyumbani.

Kanisani sijamwambia mtu. Walipouliza shida ilikuwa nini nilisema kapasita zilikauka, na huo ni ukweli, zilikauka. Hilo lako ni lako, useme mwenyewe ukitaka au usiseme kamwe. Lakini ukija kusimama mbele yao useme binti yako ameharibu kazi yako, nitasimama na mimi, na sitazungumzia kapasita.

Nimekuandikisha kwa daktari wa masikio mjini Nyeri, Alhamisi ya wiki hii. Kuna vifaa vidogo siku hizi, vinakaa nyuma ya sikio, na ndani yake, niamini, mna kitu kinachogawa sauti na kuipa kila moja nguvu yake. Ni fundi tu mwenzako aliyevijenga, kwa hivyo usivionee aibu. Ukishavaa utaingia kanisani, ukae popote utakapo, Mama asome, nawe uniambie kazi yangu ina kasoro gani. Najua itakuwa nayo. Mimi nilisikiliza kama mwanafunzi wako na bado kuna kitu karibu na sauti za kati ambacho sikipati, na hakuna mwingine wa kuniambia ni nini. Ukitaka kunikana baada ya hapo, nikane. Lakini hutanikana kwa kazi ambayo hujaisikia.

Naomba nifikie hapo, maana Gatimu anapiga honi barabarani na ndizi za watu hazingoji. Msalimie sana tata Wakiuru, mwambie asikupikie chakula kizuri mno ukakosa sababu ya kurudi. Mama anakusalimu. Amenituma nikuambie kwamba si yeye aliyeandika haya, na kwamba ameyasoma yote na hajafuta hata neno.

Jumatano mchana nitakuja mwenyewe kukuchukua. Najua tabia yako, utakuwa umejifungia chumba cha nyuma ukijifanya umelala. Jifungie. Nitabisha mlango huo hadi usikie.

Ni mimi, mtoto wako, upende usipende,
Nyawira